Naomba ushauri: sindano ya peptidi kwa mtoto mwenye ukurutu

Hamjambo wanakikundi. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Kijana wangu ana miaka 6, na ukurutu anao tangu akiwa mchanga. Usiku anajikuna nyuma ya magoti mpaka shuka inashika damu. Siku mbili baadaye vidonda vinatoa maji ya manjano. Mwaka huu amemeza antibiotiki mara tatu. Vinakauka, vinarudi. Sabuni ya manukato tuliacha, na Vaseline nampaka kila akitoka kuoga.

Daktari alinieleza kwamba ngozi hujitengenezea peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, zinazotoboa utando wa bakteria, na kwamba wenye ukurutu huwa nazo pungufu. Hapo nilielewa. Sasa kuna muuzaji huku River Road anayetaka kuniuzia vichupa vya sindano ya LL-37, eti ndiyo peptidi hiyo hiyo ya mwilini. Kichupa hakina hata nambari ya usajili! Mimi simwamini, lakini mama mkwe ameshaanza kuchanga pesa.

Je, kuna daktari au mfamasia humu anayejua kama LL-37 imeidhinishwa kutibu mtoto? Na kabla ya antibiotiki nyingine, niombe usaha upimwe maabara kwanza?