MREJESHO: Mwani wangu wa Chlamydomonas sasa unang'aa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa wanaoingia sasa: nilipandikiza jeni ya mVenus, protini inayong'aa rangi ya kijani-njano, kwenye Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa seli moja. Koloni (vikundi vya seli) ziliota vizuri kwenye paromomaisini, antibiotiki inayoua seli zisizopokea DNA mpya, ila chini ya hadubini hakuna seli hata moja iliyong'aa.

Mdau uliyeniambia nihamie UVM4, aina nyingine ya mwani huuhuu, ubarikiwe sana. Mwani huu una tabia ya kuzima jeni geni zinazoingia kwenye kiini chake, na UVM4, iliyotolewa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2009, haizimi kirahisi. Nilifuata pia ushauri wa kuiandika upya jeni kwa kodoni (herufi tatu-tatu za DNA) ambazo mwani wenyewe huzitumia zaidi (jenomu yake, yaani DNA yake yote, ina herufi G na C karibu asilimia 64) na kuchomeka ndani yake introni (kipande kinachokatwa kabla ya protini kutengenezwa) ya kwanza ya RBCS2, jeni ya mwani huu wenyewe. DNA niliiingiza kwa kutikisa seli na shanga za kioo tu, maana UVM4 haina ukuta wa seli wa kusumbua.

Matokeo yamenifurahisha mno: kikombe chekundu cha kloroplasti (sehemu ya seli yenye klorofili), na kijani-njano kimekizunguka!

Kilichogoma: jeni hiyohiyo iliyorekebishwa, kwenye aina yangu ya zamani, inatoa mwanga hafifu sana. Na hata kwenye UVM4 koloni nyingi hazing'ai, kwa sababu DNA hujipachika popote kwenye jenomu. Kagueni koloni nyingi, msikate tamaa na sahani ya kwanza.

Kuingiza DNA kwa kupitisha umeme sijajaribu. Asanteni sana wote.