Sudan inateketea, Jumuiya ya Nchi za Kiarabu inatoa matamko

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Kwenye jengo letu amepanga binti wa Kisudani, anasomea udaktari. Ni mmoja wa wale waliopokelewa Muhimbili mwaka 2023 baada ya vita kufunga chuo chao Khartoum. Jana usiku nilimkuta kwenye ngazi, simu kaibana sikioni, anarudia ujumbe wa sauti wa mama yake. Sekunde chache tu, kisha unakatika katikati ya neno. Anaurudisha mwanzo. Nilishindwa hata kumpita, nikakaa naye pale.

Sudan iliingia kwenye hiyo jumuiya Januari 1956, mwezi uleule iliopata uhuru. Mwaka 1967, Waarabu walipotoka kupigwa na Israeli, viongozi wao walikutanikia wapi? Khartoum! Leo Khartoum ni magofu, mji wa El Fasher kule Darfur umeangukia Oktoba 2025 mikononi mwa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, na watu wakachinjwa, na jumuiya inatoa matamko. Misri yenye makao makuu ya jumuiya, Juni 2023 iliwawekea viza hata kina mama, watoto na wazee wa Kisudani ambao zamani walivuka bila viza. Imepokea wakimbizi wengi mno, hilo siwanyimi. Ila viza kwa mama anayekimbia mabomu? Ndugu gani huyo?

Na asije mtu hapa kuniambia hawana uwezo. Libya walifanyaje mwaka 2011? Februari wakaisimamisha, Machi 12 wakaliomba Baraza la Usalama lipige marufuku ndege kuruka, siku tano baadaye azimio likapita. Marais waliotumwa na Umoja wa Afrika kwenda kusuluhisha walinyimwa ruhusa ya kutua, mabomu yameshaanza. Wakitaka, wanakimbia.

Kwa Sudan hawataki, na sababu iko wazi. Mkataba wao wa 1945, kifungu cha 7, unasema uamuzi wa wengi unamfunga aliyeukubali tu. Sasa Sudan inaituhumu Falme za Kiarabu kuwapa RSF silaha, hadi ikaipeleka mahakama ya The Hague mwaka 2025, kesi ikafutwa kwa mahakama kukosa mamlaka. Falme wanakana. Lakini mlalamikaji na mlalamikiwa wote ni wanachama, meza moja! Nani atamgusa tajiri kwa ajili ya maskini wa Darfur?

Najua mtasema Umoja wa Afrika nao umeshindwa. Kumaliza vita umeshindwa, kweli, na inaniuma. Lakini jeshi lilipopindua Oktoba 2021 uliisimamisha Sudan ndani ya siku mbili. Na ndugu zangu Wangazija, waliojiunga na Waarabu mwaka 1993, mnakumbuka kisiwa chenu cha Anjouan 2008? Waliovuka bahari na jeshi lenu kumng'oa Bacar, kiongozi wa kisiwa aliyeiasi serikali yenu, walikwenda kwa bendera ya Umoja wa Afrika, vijana wetu wa JWTZ wakiwemo.

Sibishani na dini ya mtu wala lugha yake. Nauliza Sudan, Somalia, Djibouti na Comoro wanapata nini mle siku nyumba inapowaka. Mwenye azimio hata moja la jumuiya hiyo lililozuia risasi moja Darfur tangu Aprili 2023 aliweke hapa, pamoja na tarehe yake.