Eti kozi niliyochagua iliwekwa "ili kitabu kipendeze"!

Wakuu, salamu baadaye. Natetemeka hapa ninapoandika, na siyo baridi la Mbeya.

Mnamjua. Yule mpokea fomu wa idara yetu, dirisha la mwisho ghorofa ya juu, mwenye kalamu nyekundu. Aliyepita idara ile na hajawahi kukatwa na kalamu hiyo anyooshe mkono, maana hata fomu ya kuomba choo kifunguliwe ile kalamu ingeipitia.

Leo nimepeleka fomu ya kozi za kuchagua. Mwaka wa nne, ujenzi, muhula wa mwisho wa maisha yangu ya chuo. Nimejaza kwa mwandiko mzuri kabisa: Uthabiti wa Miteremko. Kozi imo kwenye kitabu cha chuo, ina namba yake, ina yuniti zake, na ina maelezo yake. Huyu bwana anatafuna karanga, macho yako kwenye simu, kavuta kalamu kapiga mstari mmoja mnene mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, samahani, mbona umeikata?"

AKACHEKA. Akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia, na mwaka wa kwanza wamo, wale ninaowafundisha hesabu jioni: "Binti, hiyo iliwekwa ili kitabu kipendeze. Andika Usimamizi wa Miradi kama wenzako, upishe watu."

Ili kitabu kipendeze!

Nimebeba udongo mgongoni kama punda wa Makete, nimelala maabara nikisubiri sampuli ikauke, kucha zangu hazijawahi kuwa safi tangu mwaka wa pili. Yote hiyo nije niambiwe kozi ni pambo, na mtu mwenye maganda ya karanga kwenye ndevu.

Na tuko Mbeya jamani! Simama popote mjini, geuka, unatazamana na mlima. Loleza huyo, Kawetire huyo. Aprili 2024 tope limeshuka Kawetire likafukia nyumba za watu pale Itezi. Mimi nimekulia Uyole, lile tope nimelikanyaga, nimewaona watu wanatafuta hata sufuria. Barabara ya kwenda Tukuyu mpaka Kasumulu imechongwa kwenye vilima vya majivu ya volkano. Sasa kama mteremko hausomwi hapa utasomwa wapi, Dodoma?

Angesema hakuna mwalimu, ningeelewa. Angesema tuko wachache, leo hii ningegonga mlango kwa mlango hosteli zote nitafute watu. Hakusema hivyo. Alicheka, karanga mdomoni, akasema ili kitabu kipendeze.

Naomba mawazo yenu. Matusi nimeshamaliza mwenyewe.

Zege_Bichi: Dada pole. Huyo namjua kwa sauti ya karanga tu. Mwaka jana nilichagua madaraja, akakata, akasema "madaraja utayaona ukirudi kwenu". Kwetu Kyela! Masika ikikolea tunapita kwa mtumbwi!

Mnyalu_Kihesa: Kamwene. Hujanyimwa bumu la mkopo, hujala sapu ya kurudia mtihani, hujadisko ukafukuzwa chuo, umekatiwa kozi unatuamsha usiku. Usimamizi wa Miradi ni A ya kuokota. Okota, GPA ipande, milima haihami, utaikuta.

Mleta uzi: Milima haihami?? Wewe uko Iringa, waulize watu wa Itezi kama haihami. Na A ya kuokota siitaki. Hukuwepo alivyocheka.

Nati_na_Bolti: Nyie wa ujenzi mna hata cha kukatwa. Sisi mitambo tumeletewa fomu imeandikwa "Chagua kozi mbili", chini yake kuna kozi mbili.

Zege_Bichi: 😂😂😂 Hapo umechagua kwa uhuru kabisa.

Nati_na_Bolti: Na moja ni ya majokofu na viyoyozi. Mbeya. Mwezi wa sita. Mtu unaamka nyasi zina barafu nje unakwenda kusoma namna ya kupooza hewa.

Fyuzi_Imeungua: Umeme nao tulieni mtusikilize. Nchi inatafuta jotoardhi Ngozi na Kiejo-Mbaka, huko upande wa Rungwe, karibu kabisa na sisi. Niliuliza kama tunaweza kupata kozi ya kuchagua ya nishati hiyo, nikajibiwa "soma kwanza transfoma". Transfoma nimeisoma mwaka wa pili, wa tatu, na wa nne inarudi ikiwa na jina jingine.

Mleta uzi: Wakuu tusitoke kwenye mada. Huyu mtu ALICHEKA. Mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza.

Baba_Lami: Mwanangu, mimi ni mhandisi, Bodi ya Usajili imenisajili, barabara za milimani nimezifanyia kazi mpaka magoti yameisha. Usikubali. Mteremko una hesabu yake: nguvu ya udongo ya kujishikilia, igawe kwa nguvu inayouvuta chini. Jibu likishuka chini ya moja, mlima unaondoka. Mvua ikinyesha siku mfululizo maji yanajaa kwenye vitundu vya udongo, yanasukuma chembe ziachiane, udongo unakosa nguvu wakati uzito unaongezeka. Ndiyo maana unakuta mlima umetulia kiangazi chote, masika ikifika katikati unakuja na nyumba. Vijana ninaoletewa siku hizi wanajua kupaka rangi ratiba ya mradi. Waulize mfereji wa kukinga maji juu ya kingo unakaa wapi, wanatazamana. Andika barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa ndaki, ambatanisha hiyo fomu iliyotoboka. Usiitupe.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Asante sana. Fomu ninayo, nimeiweka kwenye faili. Kitundu cha kalamu kinaonekana vizuri.

Tofali_Choma: Shikamoo mzee Baba Lami. Kwenye mradi wenu hakuna nafasi ya fildi? Hata ya kushika mkanda wa kupimia.

Zege_Bichi: Mzee na mimi naomba. Najua kutumia totali stesheni.

Tofali_Choma: Hujui. Ulitupimia uwanja ukatuletea kona tano.

Mnyalu_Kihesa: Mleta uzi bado yupo au kalala? Dada, ukiwa unaandika barua weka kabisa na kifungu cha karanga.

Mleta uzi: Sijalala. Barua naiandika sasa hivi, na karanga zitakuwemo, na kicheko kitakuwemo. Watu wa udongo wote wa mwaka wa nne nawaomba saini kesho kabla ya kipindi cha kwanza, nipo nje ya maabara. Mwenye woga abaki na Usimamizi wake wa Miradi.

Kapu_la_Uyole: Samahani kuingilia. Nani ana desa, zile notisi za Usimamizi wa Miradi? Nimeshakatwa na mimi.

Fyuzi_Imeungua: Nenda steshenari ya getini, ziko tayari. Ila yule mama kapandisha bei ya kutoa kopi tangu aone fomu zimetoka.

Nati_na_Bolti: Steshenari nafuu kuliko mwenye nyumba wangu wa Ikuti. Anafunga maji asubuhi anafungua usiku, ukioga mchana anakuuliza umetoka wapi.

Kapu_la_Uyole: Ikuti ipi? Geti la bluu, kuna mparachichi uani?

Nati_na_Bolti: Huyo huyo!

Kapu_la_Uyole: Aisee! Nilihama pale, godoro langu bado analo. Mwambie nakuja kulichukua Jumamosi, na akisema nadaiwa umeme muulize mita ilikuwa inasoma ngapi.