Kukausha gesi kabla ya kuifanya LNG: silika jeli, alumina au zeolaiti 4A?

Mlandege: Wakuu, heshima kwenu. Tunajaza upya punje za kunyonya maji kwenye minara miwili ya kukaushia gesi, mtambo mdogo wa LNG (gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika). Nina bei tatu mezani: silika jeli, alumina na zeolaiti 4A. Zeolaiti ndiyo ghali kuliko zote. Bosi anataka jibu Ijumaa. Nyie mngechukua ipi?

Baharia wa Sur: Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Gesi inaingia na joto gani, presha gani? Ina salfa? Imeshakaushwa kwingine au inatoka kisimani mbichi?

Mlandege: Samahani mkuu. Ni gesi ya bombani kutoka Songo Songo, methani kama asilimia 97, salfa hakuna ya kuhesabika. Nyuzi 35, baa 30.

Baharia wa Sur: Basi 4A, sioni mjadala. LNG inakaa nyuzi 162 chini ya sifuri. Maji yakizidi hata sehemu 1 kwa milioni, barafu inaziba njia za kibadilisha joto, na wengi husanifu kwa 0.1. Silika jeli inabeba maji mengi gesi ikiwa na unyevu mwingi, ila haifiki huko chini.

Binti Kilwa: Kaka, usiidharau alumina. Weka tabaka lake juu, 4A chini. Matone ya maji yakiponyoka kwenye kitenganishi, alumina inayapokea bila kupasuka. Silika jeli ya kawaida ikiguswa na maji utaisikia inavyolia, inapasuka vipandevipande.

Mkemia Mtwara: Naongea kwa uchungu. Nimefanya kazi kwenye mtambo mmoja Ghuba, 4A safi kabisa. Zamu moja ilikuwa na haraka, wakapandisha moto wa kufufua mnara, yaani wa kutoa maji yaliyonaswa na punje ili zitumike tena, hadi nyuzi 280 kwa mkupuo. Maji yakatoka kwenye punje za chini, yakakuta juu bado baridi, yakarudi kuwa matone na kunyesha humohumo. Udongo unaoshikilia punje ukalainika. Mchezo ukarudiwa kila zamu, maana ulikuwa unaokoa saa moja. Baada ya miezi presha ndani ya mnara ikaanza kupotea, chujio likajaa unga mweupe. Tulipofungua, ukutani kulikuwa na donge kama saruji. Tulilivunja kwa sululu siku nne, tumevaa mitungi ya hewa. Ukiokota punje nzima ukaibana kwa vidole, inakuwa vumbi. Jamani, pandisheni moto kwa ngazi!

Kipimajoto: Mimi ni mtu wa 3A, zeolaiti yenye matundu madogo kuliko 4A. Tundu lake dogo halimezi hidrojeni salfidi, ile gesi ya salfa.

Baharia wa Sur: Salfa kasema hana, 3A ya nini?

Kipimajoto: Leo hana. Kesho akiunganishiwa kisima kingine? Na zebaki amepima? Skikda, Algeria, mwaka 1973 zebaki ilitoboa kibadilisha joto cha alumini.

Binti Kilwa: Zebaki ina mnara wake wa kaboni yenye salfa, tusimchanganye. Mlandege, hita yako ya kufufulia inafika nyuzi ngapi?

Mlandege: Nimetoka kuangalia kibao chake sasa hivi: 220 mwisho.

Binti Kilwa: Hapo 4A haitakauka vizuri, dada yako nakwambia. Inataka karibu 290.

Baharia wa Sur: Abadilishe hita.

Mlandege: Hita haimo kwenye bajeti kabisa. Kuna aliyewahi kuendesha 4A kwa 220, hata kwa kurefusha saa za kufufua?