Chuo kikifunga Desemba huko Marekani, mwanafunzi asiye na ndugu anabaki wapi?

Shangani_Kwetu (Mtwara mjini)
Wakuu habari zenu, na shikamooni kwa wanaostahili. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza Minneapolis, Marekani, kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Masomo yanaisha katikati ya Desemba na kuanza tena katikati ya Januari. Nauli ya kuja na kurudi haipo, kwa hiyo anabaki, na wenzake wa bwenini wote wanaenda kwao. Sisi huku Desemba ni joto na minada ya korosho, baridi ya aina hiyo hatuijui. Bweni linabaki wazi? Atakula wapi? Na kuna mtu anasafiri mwezi ujao, tumpe mzigo gani?

Mikindani_Bandarini
Kaka, anza na bweni, mengine yanasubiri. Vyuo vingine huacha mabweni yote wazi, vingine hufunga yote isipokuwa jengo moja, vingine hufunga kabisa. Jibu limo kwenye mkataba wa chumba aliosaini, atafute kifungu cha likizo. Panapotakiwa maombi ya kubaki, fomu huwa kwenye tovuti ya ofisi ya makazi, na mara nyingi hufungwa Novemba, wiki kadhaa kabla ya mitihani. Wa mwaka wa kwanza hukwama hapo hapo. Barua pepe inaingia amezama kwenye vitabu, anaipita, halafu siku ya kufunga kadi yake ya mlango inazimwa na ofisini hakuna mtu wa kuiwasha.

Aulize kwa maandishi, asiridhike na maneno ya mdomo: atabaki chumbani kwake au atahamishwa? Analipa kwa usiku au kwa likizo nzima? Jengo atakalokaa lina jiko?

Akihamishwa, chumba chake akiache dirisha limefungwa hadi kitasa kikaze, na hita asiizime, aipunguze tu. Watu wetu tuna mkono wa kuzima kila kitu tukitoka, tunaona ni kubana matumizi. Minneapolis usiku wa Januari wastani ni kama nyuzi 13 chini ya sifuri, na zipo siku hufika 25 na kuzidi. Maji yakiganda ndani ya bomba hutanuka, bomba linapasuka, na barafu ikiyeyuka wa chumba cha chini anapata mafuriko. Uharibifu huo anaweza kudaiwa yeye. Friji ndogo ndiyo aichomoe, akishaitoa vyakula vyote.

MamaWaLigula
Kwenye chakula: kantini za chuo nyingi hufunga, na mpango wa chakula uliolipiwa kwa kawaida hauhesabu wiki za likizo. Afanye majaribio mapema. Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya Thanksgiving, na siku zile nne kantini hupunguza huduma au kufunga. Akizimaliza siku hizo atajua kama hana sufuria, au kama basi la kwenda dukani limepunguzwa safari.

Kwa wiki nne, mtu mmoja: mchele kilo 4, unga kilo 4, maharage kilo 3, mafuta lita 2, mayai, vitunguu, mboga za kugandishwa. Mboga hizo ni rahisi na hazina ubaya wowote, asizidharau.

Unga ndio wenye mtego. Kwenye maduka ya Wamexico atakuta pakiti nyeupe imeandikwa masa harina. Asiinunue kwa ugali. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, harufu ni nyingine na ugali wake hauwi kama wetu. Achukue unga mweupe wa mahindi wa kawaida. Bahati yake yuko Minneapolis: mtaa wa Cedar-Riverside, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Minnesota, umejaa Wasomali, na kwenye maduka yao atapata nyama halali, mchele na viungo vya chai.

Akikaanga dagaa, feni ya jikoni iwake kwanza, na mlango wa kwenda kwenye korido abaki ameufunga. Moshi ukifika kwenye korido kengele ya moto inalia jengo zima, na watu wanasimama kwenye theluji na ndala. Jiko la koili chumbani asithubutu, mabweni hulikataza.

Nachingwea_Juu
Mzigo: korosho zilizokaangwa, pakiti iliyofungwa vizuri. Msafiri azitangaze kwa ofisa wa forodha hata asipoulizwa. Chakula kisichotangazwa ndicho kinacholeta faini. Embe na nyama ya kukausha viacheni Mtwara. Na mwambieni dogo asimgawie mtu korosho kabla ya kuuliza, huko wapo ambao mzio wa korosho unaweza kuwaua.

Masweta ya mnadani msihangaike nayo. Koti na viatu anunue kule kule, kwenye maduka ya mitumba yao. Viatu viwe vikubwa kidogo vipokee soksi nene, vikibana damu haifiki vidoleni. Ndani avae nguo ya sufu au ya nailoni. Pamba ikishika jasho hailiachii, na jasho likipoa ndilo linalomtetemesha. Mafuta ya nazi ya kwenu ni mazuri kwa ngozi inayopasuka, ila chini ya nyuzi 24 hivi huganda kama siagi. Hayajaharibika, ayasugue viganjani tu.

Shangani_Kwetu
Asanteni sana. Anasema kuna rafiki anamshawishi afanye kazi ya kupeleka vyakula kwa programu ya simu wakati wa likizo. Na mwingine anamwambia waende wakaone Canada.

Mikindani_Bandarini
Hiyo ya vyakula akatae leo leo. Mwenye F-1 anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiwepo na muda kamili likizo rasmi. Kupeleka vyakula mjini ni kazi ya nje bila kibali, na anaweza kupoteza hadhi yake ya mwanafunzi. Aulize maktaba na ofisi ya makazi, likizoni huwa wanapungukiwa watu.

Canada anahitaji viza ya Canada, na kurudi Marekani anahitaji I-20, ile fomu ya chuo inayoonyesha kuwa ni mwanafunzi wake, yenye saini ya safari, isiyozidi miezi 12. Saini hiyo hutolewa na mshauri wa wanafunzi wa kigeni, na ofisi yake nayo hufunga siku za sikukuu. Masharti ya viza kwa Watanzania hubadilika, kwa hiyo asivuke mpaka kabla ya kumuuliza huyo mshauri. Mwaka huu ningemwambia atulie.

MamaWaLigula
Kama ana dawa za kila siku, azijaze kabla zahanati ya chuo haijafunga. Kupiga simu: wao wako nyuma yetu saa 9, saa 3 usiku ya Mtwara kwao ni saa 6 mchana. Piga muda huo, maana kwao jua linazama kabla ya saa 11 jioni na upweke huanzia hapo.

Nachingwea_Juu
Nimesahau: chumba cha vifurushi pia hufungwa. Akiagiza koti mtandaoni Desemba 20 kwa anwani ya bweni, atalivaa Januari.