Ulinganisho: kiendeshaji mseto kwa meza ya majaribio (haidroliki ya umeme, skrubu na piezo, au hewa na mota?)

Mbeba_Mzigo aliandika:

Wahandisi wenzangu, heshima kwenu. Ninasanifu meza ya majaribio ambayo inapaswa kubeba mzigo wa kilonyutoni 15, kupanda na kushuka milimita 120, kisha kutulia mahali ilipoamriwa kwa usahihi wa maikromita 2, huku ikizima mtetemo wa sakafu unaofika 40 Hz (mara 40 kwa sekunde) na wenye ukubwa wa takriban maikromita 20. Sijapata kiendeshaji (kifaa cha kusukuma na kuvuta mzigo) kimoja kinachotimiza yote hayo, kwa kuwa kile chenye nguvu na mwendo mrefu huitikia polepole, na kile kinachoitikia upesi hakina mwendo wa kutosha. Nimebakiwa na njia tatu za mseto: mota ya umeme inayoendesha pampu na silinda ya mafuta katika mzunguko mmoja uliofungwa (haidroliki ya umeme), skrubu ya gololi (skrubu ambayo nati yake huteleza juu ya gololi) yenye piezo juu yake (kauri inayorefuka kidogo ikipewa volti), au silinda ya hewa inayobeba uzito huku mota ndogo ikisahihisha mkao. Naomba mnisaidie kuzilinganisha, hasa upande wa udhibiti, kwa sababu vyuma ninavifahamu kuliko milinganyo.

Kanieneo alijibu:

Ndugu Mbeba_Mzigo, nianze na njia ya kwanza kwa kuwa ndiyo niliyoifanyia kazi kwa muda mrefu. Sifa yake kubwa ni kwamba huhitaji kituo kikubwa cha pampu wala mabomba marefu: mota ikigeuka upande mmoja silinda inapanda, ikigeuka upande mwingine inashuka, na nishati hutumika pale tu kazi inapofanyika. Usafiri wa anga uliipa imani kubwa, kwani ndege ya Airbus A380, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 2005, ina mizunguko miwili ya haidroliki yenye kanieneo ya megapaskali 35 na miwili ya umeme, na baadhi ya viendeshaji vyake hutumia haidroliki ya kawaida katika hali ya kawaida, kisha hugeukia mota na pampu yao wenyewe haidroliki inapokatika.

Hata hivyo, kwa kazi yako nina mashaka mawili. La kwanza ni joto. Mzigo ukisimama mahali pamoja, pampu huvuja kidogo ndani kwa ndani, hivyo mota hulazimika kuendelea kusukuma ili kanieneo isishuke, na kwa kuwa mafuta hayazunguki kwenda kwenye kipoza cha mbali, joto lote hubaki palepale. La pili ni ukakamavu. Safu ya mafuta yenye eneo la sentimita 10 za mraba na urefu wa milimita 60 husinyaa takriban maikromita 1 kwa kila nyutoni 25 zinazoongezeka, na hapo tunazungumzia mafuta safi. Kukiwa na asilimia 1 tu ya hewa iliyonaswa, katika kanieneo ya chini ukakamavu huo huporomoka kabisa. Niliwahi kuhangaika siku tatu na silinda iliyokuwa ikitetemeka kila ilipokaribia kusimama. Nilibadilisha vigezo vya kidhibiti mara nyingi bila mafanikio, mpaka nilipolegeza kizibo cha juu na kuona povu jeupe likitoka kabla ya mafuta yenyewe. Baada ya kuitoa hewa yote, vigezo vilevile vya mwanzo vilifanya kazi bila tatizo. Kwa maikromita 2, mimi nisingeichagua njia hii.

Gololi alijibu:

Naunga mkono hoja ya Kanieneo, na napendekeza njia ya pili. Piezo hurefuka takriban sehemu 1 kwa 1,000 ya urefu wake, kwa hiyo rundo la milimita 100 litakupa kama maikromita 100, ambazo zinatosha kabisa kwa mtetemo wako. Skrubu itafanya ile safari ndefu, kisha breki itaishika.

Huenda mtu akauliza kwa nini skrubu isifanye kazi yote, maana kuongeza kasi kwa maikromita 20 katika 40 Hz si jambo linaloishinda mota nzuri. Tatizo liko kwenye msuguano na uchakavu. Kila skrubu inapogeuza mwelekeo, msuguano huigandisha kwanza kisha huiachia ghafla, na mruko huo peke yake waweza kuzidi usahihi unaoutaka. Zaidi ya hayo, gololi zikichezacheza mahali pamoja bila kuzunguka kikamilifu, grisi haipati nafasi ya kurudi katikati ya gololi na njia yake. Nilifungua skrubu iliyotumika hivyo kwa miezi michache nikakuta vishimo vidogo vilivyopangana kwa umbali ulio sawa na ule wa gololi zenyewe, vikiwa na unga wa rangi ya kutu, ilhali sehemu nyingine yote ya skrubu iling'aa kama mpya.

Angalizo moja: piezo ni kauri. Huvumilia sana kugandamizwa lakini hupasuka ikivutwa, kwa hiyo ni lazima uibane mapema kwa springi au boliti ili hata inapojirudisha kwa kasi isivutwe kamwe. Kwa mzigo wako ningetumia marundo matatu yaliyopangwa kwa pembetatu, kila moja likibeba kilonyutoni 5.

Silinda alijibu:

Kuhusu hewa na mota, nitakuwa mfupi. Ni mseto mzuri pale mashine inapohitaji ulaini, kwa mfano mkono wa roboti unaofanya kazi karibu na watu, kwa sababu hewa hubeba uzito bila kuunguza mota nao mkono hubaki mlaini ukimgusa mtu. Wewe unataka ukakamavu. Hewa ni springi, na sili za silinda yake zina msuguano uleule aliousema Gololi. Iache.

Mrejesho alijibu:

Sasa tuje kwenye udhibiti, ambako miseto mingi huharibikia. Kosa la kawaida ni kuwapa viendeshaji wawili amri moja na kila mmoja kidhibiti chake chenye integrali (sehemu inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita na kuongeza nguvu hadi kosa liishe). Vihisi viwili havikubaliani kamwe kikamilifu. Hata tofauti ya maikromita 1 inatosha kumfanya mmoja asukume juu na mwingine avute chini, kila integrali ikiongeza nguvu, mpaka mmoja afike kikomo chake huku meza ikiwa imesimama tuli na mota inachemka.

Ninachokushauri ni kuwa na kihisi kimoja kikuu kinachopima meza yenyewe. Kosa la mkao liende kwa piezo kwanza, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Kisha urefu wa piezo wenyewe uwe ndiyo kosa la skrubu: piezo ikiwa imerefuka maikromita 30 juu ya katikati yake, skrubu ipande taratibu mpaka piezo irudi katikati. Kwa mpangilio huo piezo huwa na nafasi pande zote mbili muda wote, na skrubu haihangaiki na mtetemo. Mzunguko wa udhibiti wa skrubu uwe wa polepole angalau mara 10 kuliko ule wa piezo. Diski za kompyuta hufuata wazo linalofanana, ambapo koili kubwa hupeleka mkono kwenye eneo husika na piezo ndogo humalizia kulenga mstari.

Mambo mawili usiyaache. Safari ndefu inapoanza, kosa litakuwa milimita nzima na piezo itafika kikomo mara moja, hivyo integrali yake lazima isimamishwe hadi skrubu ifike karibu, la sivyo meza itapitiliza. Pili, piezo haipandi na kushuka kwa njia moja. Bila mrejesho (kipimo kinachorudishwa kwa kidhibiti), tofauti hiyo hufika asilimia 10 hadi 15 ya mwendo wake, kwa hiyo usikadirie urefu wake kwa volti. Bandika geji ya mnyumbuko (kihisi kinachopima kurefuka kwa rundo) juu ya rundo.

Mbeba_Mzigo aliandika:

Nawashukuru sana, nimeamua kuchukua skrubu na piezo. Nina swali moja kwa Ndugu Mrejesho: kuna masafa ambayo viendeshaji vyote viwili huchangia kwa ukubwa unaokaribiana. Je, haviwezi kupingana hapo hata kama kila kimoja peke yake ni thabiti?

Mrejesho alijibu:

Vinaweza, na umeuliza jambo la msingi. Katika masafa hayo, skrubu ikichelewa kiasi cha kukaribia nyuzi 180 nyuma ya piezo, mmoja hupanda wakati mwingine anashuka, na jumla yao hukaribia sifuri ingawa wote wanafanya kazi kwa bidii. Usiamini modeli peke yake. Ifungie meza mzigo wake kamili, endesha skrubu peke yake kwa mawimbi kuanzia 0.5 Hz hadi 100 Hz ukirekodi ukubwa na ucheleweshaji, kisha rudia kwa piezo peke yake. Chora mikondo miwili kwenye karatasi moja, na pale inapokutana soma tofauti ya nyuzi. Ikizidi 120, punguza kasi ya mzunguko wa udhibiti wa skrubu upime tena. Katika jaribio la piezo, weka pia kihisi cha mtikisiko kwenye nati ya skrubu, kwa sababu kila piezo inaposukuma meza juu, inasukuma skrubu chini kwa kani ileile, na nati ikiwa na mwangwi wake (masafa ambayo mtetemo wake hukua sana) karibu na 40 Hz utauona hapo kabla haujaukuta kwenye meza.