Mjadala: Riwaya ya msichana mwenye nguvu za kuua, iandikwe umri kwenye jalada?

Mwanzisha mada
Hoja yangu ni hii. Kuna riwaya nyingi za fantasia za vijana ambamo shujaa ni msichana wa miaka 16 au 17 na nguvu alizozaliwa nazo zinaua: akigusa anaunguza, akipaza sauti moyo wa mtu unasimama. Michezo ya kompyuta barani Ulaya hupewa alama ya 3, 7, 12, 16 au 18. Filamu nazo zina alama zake. Kitabu kinaingia mkononi mwa mtoto bila neno. Napendekeza riwaya za namna hii zichapwe "14+" kwenye jalada la nyuma. Mnasemaje?

Mhariri
Napinga. Mchapishaji akiandika 14+ anamaanisha "maudhui haya yanafaa kuanzia miaka 14". Kijana wa miaka 16 anayesoma kwa shida anaelewa "kitabu cha wadogo", anakirudisha rafuni asionekane nacho. Wa miaka 11 naye anaona mwaliko. Uingereza walilipitia hili mwaka 2008, wachapishaji walipotaka kuweka 5+, 7+, 9+, 11+ na 13+ kwenye majalada. Waandishi wakapinga, Philip Pullman akiwa mstari wa mbele. Tena watoto hupenda kusoma habari za waliowazidi umri, kwa hiyo shujaa wa miaka 16 anawavuta wa 12 na 13. Wachapishaji wanalijua hilo fika.

Halafu hiyo 14 inapatikanaje? Kwa kuhesabu maiti? Sentensi moja ikisema jeshi zima liliteketea bondeni, msomaji anafunua ukurasa unaofuata. Lakini nusu ukurasa wa nafsi ya kwanza, wakati uliopo, msichana kamshika mdogo wake mkono na anahisi mapigo yakififia chini ya vidole vyake, hiyo msomaji analala nayo. Maiti ni mmoja tu. Uzito unatokana na ukaribu wa msimulizi na muda anaokaa kwenye tukio, na namba haivioni hivyo viwili.

Mkutubi
Mhariri, hoja yako inamfaa mwenye muda. Tupige hesabu. Riwaya ya aina hii ina maneno kama 90,000. Kwa mwendo wa maneno 250 kwa dakika, hizo ni saa 6. Rafu yenye vitabu 400 ni saa 2,400, yaani siku 300 za saa nane nane bila kufanya kazi nyingine yoyote. Nani atasoma? Alama, hata ikiwa butu, inampa msimamizi pa kuanzia. Urusi kwa sheria iliyoanza kutumika Septemba 2012 wana 0+, 6+, 12+, 16+ na 18+, na watu wanaendelea kusoma.

Mhariri
Wanasoma, ila vya 18+ unavikuta vimefungwa nailoni, huwezi hata kuchungulia ukurasa wa kwanza. Namba ikishakuwepo, kuipandisha ni kazi ya kalamu tu.

Mwandishi
Wakuu, mnagombania vifo wakati penye hatari ni kwingine kabisa. Tazameni sura za mwanzo za riwaya hizi. Msichana anaogopa nguvu zake, basi anazizima: anajinyima chakula, anajichoma, na maumivu yakija moto unatulia. Msomaji wa miaka 13 ambaye tayari anajiumiza kwa siri amepewa somo kwamba njia hiyo inafanya kazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari kuhusu kujiua unakataza kueleza njia kwa undani, na mwaka 2019 shirika hilo likatoa mwingine kwa watu wa filamu na jukwaa. Kanuni hiyo inafaa hapa pia. Kwenye rasimu, toa kifaa alichotumia na mahali mwilini, bakiza hali yake kabla na baada. Kisha njia hiyo ishindwe: nguvu zirudi maradufu. Na awepo mtu anayegundua, mapema, si sura ya mwisho.

La pili ni yule kijana wa kiume ambaye peke yake anaweza kumgusa bila kudhurika. Kwa kuwa hana mbadala, kijana huyo anaamua msichana aishi wapi, amwone nani, na msimulizi anaita hayo majaliwa! Dawa yake ni rahisi: msichana ajifunze kuzitawala nguvu kabla ya busu la kwanza, au mtu mwingine, hata bibi yake, awe anaweza kumshika. Niambie, Mwanzisha mada, 14+ yako inamweleza mzazi lipi kati ya haya?

Mwalimu wa fasihi
Niongeze dogo. Mvulana akiua ishirini kwa upanga tunaita "vituko", msichana akiua mmoja kwa mguso tunaitisha mjadala wa umri. Alama ikija, iwabane wote.

Mhariri
Kinachofaa ni dokezo la maudhui, maneno 25 hadi 40, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Kwa mfano: "Riwaya hii ina vifo vya vitani, mhusika anayejiumiza kwa makusudi (sura ya 4 na ya 11), na mapenzi ambamo mmoja anamdhibiti mwenzake. Matukio ya kujiumiza hayaelezwi kwa undani." Taja tendo, usitaje anayetendwa: ukiandika "kifo cha mdogo wake" umekwisha kuvunja hadithi. "Mada nzito" haimwambii mtu chochote. Na ukiorodhesha mambo ishirini, hakuna atakayesoma.

Mkutubi
Hilo nalikubali nusu. Dokezo la ndani mzazi halioni dukani, ila laweza kunakiliwa kwenye katalogi. Rekodi za MARC, yaani muundo ambao maktaba hutumia kuweka taarifa za vitabu kwenye kompyuta, zina uga (nafasi ya taarifa) 520, ambao kiashiria chake cha kwanza kikiwa 4 ni wa tahadhari za maudhui, na uga 521 wa wasomaji walengwa. Namba ya umri ikae kwenye 521, mkutubi aione, kijana asiaibishwe nayo.

Mwanzisha mada
Basi jaladani naitoa, ibaki kwenye 521. Lakini dokezo ataliandika nani? Mchapishaji anayetaka kuuza?

Mwandishi
Mhariri wa kitabu husika, na aliandike upya kwa kila juzuu. Nguvu za shujaa lazima zikue: juzuu la kwanza anaunguza mlango, la tatu anaunguza mji. Dokezo la juzuu la kwanza likinakiliwa kwa mfululizo mzima, wa miaka 12 aliyeanza salama atafika kwenye ule mji bila kuonywa na mtu.